Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi: Tufungulieni Chumba cha Hadubini, Watoto wa Pwani Wasome Uduvi na Krili

Mtwara

Kwa Ndugu Mkurugenzi wa Halmashauri yetu,
na kupitia kwako, Afisa Elimu Sekondari na wajumbe wa Bodi ya Shule.

YAH: KUFUNGWA KWA CHUMBA CHA HADUBINI NA KUZUIWA KWA SOMO LA VIUMBE WADOGO WA BAHARI

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Baiolojia. Tangu nistaafu ninajitolea katika shule moja ya sekondari ya kata iliyo pwani, ambayo unaijua na sina haja ya kuitaja hapa. Barua zangu zimo kwenye jalada lako. Masjala walizigonga muhuri wa kupokelewa na nakala ninazo. Majibu yamekuwa ya mdomo, tena ya kutumiwa watu. Leo niambiwe suala langu linashughulikiwa, kesho niambiwe mwenye jalada yuko safari. Nimechoka kupigwa danadana, ndiyo maana naandika hadharani. Mstaafu hahamishwi kituo, kwa hiyo naweza kuyasema yale ambayo walimu wenzangu walio kazini huyasema kwenye chumba cha walimu tu, tena mlango ukiwa umerudishwa.

Kwa wasiojua kilichotokea: pembeni ya maabara ya shule kuna chumba kidogo ambacho klabu ya wanafunzi ilikitumia kuangalia viumbe wadogo wa baharini kwa hadubini. Chumba hicho kimefungwa. Sasa kimejaa viti vilivyovunjika na mifuko ya saruji. Hadubini zimefungiwa kabatini na funguo hazitoki. Sababu tuliisikia wazazi na walimu kwa pamoja, siku muhtasari wa kikao cha Bodi uliposomwa: kwamba wanafunzi wanapotezewa muda na krili wa ncha ya dunia na uduvi wa sokoni, badala ya kusoma yatakayowafaulisha.

Sentensi hiyo ina makosa mengi kuliko urefu wake. Naomba niyapitie.

1. Kwamba krili hawatuhusu

Nina wasiwasi waliomtaja mnyama huyu hawajamwona hata kwenye picha. Krili ni wa jamii kubwa ya kamba na kaa. Yule maarufu, anayeishi katika Bahari ya Kusini inayozunguka bara la Antaktika, ana urefu wa sentimeta 6 hivi na uzito wa gramu moja hadi mbili, na mwili wake unapitisha mwanga kiasi kwamba akiwa ameshiba mwani unauona utumbo wake ukiwa wa kijani. Ukimweka kando ya uduvi unaweza kudhani ni ndugu wa tumbo moja. Siyo. Matamvua ya krili, yaani viungo vya kupumulia majini, yako wazi, yananing'inia chini ya gamba la kifua kama vishungi; ya uduvi na kamba yamefunikwa na gamba. Mwanafunzi wa kidato cha pili akishaonyeshwa mara moja hakosei tena.

Hilo la ncha ya dunia nalo ni nusu ya habari. Kuna spishi zaidi ya 80 za krili, na ziko katika bahari zote, maji ya joto ya Bahari ya Hindi yakiwemo. Hata huyo wa Antaktika hayuko mbali nasi kama Bodi inavyodhani. Kuanzia Julai hadi kwenye Novemba nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu, na wavuvi wa Msimbati hawahitaji mwalimu wa kuwaeleza hilo. Nyangumi hao wametoka Bahari ya Kusini, ambako katika kiangazi cha huko wanakula krili mpaka wananenepa. Wakifika huku kwenye maji ya joto kuzaa na kulea, karibu hawali kitu. Wanaishi kwa mafuta waliyokuja nayo mwilini. Kwa hiyo maziwa anayonyonya ndama wa nyangumi mbele ya Ghuba ya Mnazi yametengenezwa kwa krili. Tuna hifadhi ya bahari pale tangu mwaka 2000, na tunataka watalii waje kuwaona nyangumi hao; sasa mtoto wa Msimbati akiulizwa na mgeni hawa wanakula nini, ajibu kwamba Bodi ilikataza?

Na wanaomdharau uduvi wa sokoni waulize kule Mafia. Papa potwe, ambaye watu wanapanda ndege kuja kuogelea naye, alifanyiwa utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kujua anafuata nini pale. Walikuta anafuata makundi mazito ya vijikamba vya ukoo mmoja na uduvi, vidogo hata kuliko uduvi wenyewe. Samaki mkubwa kuliko wote duniani anapanga safari zake kwa kufuata kitu ambacho sisi tunakikataza darasani.

2. Kwamba ni kupoteza muda

Hapa ndipo penye mzizi wa ugomvi, Ndugu Mkurugenzi, kwa hiyo nivumilie.

Kila mtahiniwa wa Baiolojia anaandika kwamba seli nyeupe za damu humeza vijidudu vya maradhi. Anakariri, anapata alama yake, anasahau. Jambo hilo lilionyeshwa na Ilya Mechnikov, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Ukraina, na mtu huyu hakuanzia hospitali. Alianzia kwenye vijinyama vya baharini, krili akiwa mmojawapo. Mwaka 1869, na tena mwaka 1871, aliandika juu ya watoto wa krili na kueleza kwamba wanaanza maisha wakiwa naupliasi: kijidude cha mviringo chenye jozi tatu tu za viungo, kisichofanana kabisa na mama yake. Umbo hilohilo ndilo analoanguliwa nalo kamba tunayemla, na ndilo la kopepodi, vile vijidudu vinavyorukaruka kwenye tone la maji ya bahari. Wakikua kila mmoja anakwenda njia yake hata huwezi kuamini wana nasaba moja. Utotoni hawawezi kuificha.

Mechnikov aliendelea kutazama wanyama wanaopitisha mwanga. Mwaka 1882, akiwa Messina katika kisiwa cha Sicily, alichoma mwiba ndani ya lava, yaani mtoto, wa kiti cha pweza, na baadaye akaona seli zimetembea kwenda kuuzingira ule mwiba. Mwaka 1884 akaeleza jambo la namna hiyo ndani ya kijinyama cha maji baridi cha ukoo wa mbali wa krili, kilichovamiwa na kuvu. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Paul Ehrlich. Mstari ule mmoja tunaowakaririsha watoto ulitoka huko. Sasa Bodi inataka tuubakize mstari na tufunge chumba.

Chukua suala la kukua. Kitabuni tunafundisha kwamba ukuaji ni ongezeko la ukubwa lisilorudi nyuma. Krili halitambui fundisho hilo. Mwaka 1982 watafiti waliokuwa wakiwafuga katika maabara huko Australia walichapisha kwamba krili walionyimwa chakula waliishi zaidi ya siku 200, na kila walipojivua gamba walitoka wadogo kuliko walivyokuwa. Mwili unapungua, lakini jicho halipungui kwa kiasi hicho, hivyo krili aliyesinyaa kwa njaa hubaki na jicho kubwa kuliko mwili wake unavyostahili. Ukipima urefu peke yake huwezi kujua kama uliyemshika ni kijana au mzee aliyekonda. Na hili si la krili peke yake. Kamba na kaa pia hutupa gamba zima wanapokua, kwa hiyo hawabaki na mahali rahisi pa kusomea umri kama mifupa ya sikio la samaki. Bwana uvuvi anayepima kamba kwa rula ufukweni anakutana na fumbo hilo kila siku, hata kama hajaambiwa jina lake.

Vinasaba navyo. Mwaka 2023 ilichapishwa jenomu ya krili wa Antaktika, yaani maandishi yote ya vinasaba vyake: herufi bilioni 48. Ya binadamu ni bilioni 3 hivi. Mnyama anayelala kwenye kiganja cha mtoto ana maandishi karibu mara 16 ya yule anayemtazama, na sehemu kubwa mno ya maandishi hayo ni maneno yanayojirudiarudia. Niliwahi kulisema hilo mbele ya kidato cha tatu. Kijana mmoja akauliza, basi hayo yote ya nini? Hilo ni swali ambalo wanasayansi wakubwa bado wanalifanyia kazi, na limetoka kwenye dawati lenye mguu mmoja mbovu.

Kuna habari ya mwanga pia, nitaipita haraka. Krili wengi wana viungo vya kutoa mwanga chini ya tumbo, kwenye mashina ya macho na kifuani. Mmoja wa walioutafiti mwanga huo miaka ya 1960 alikuwa Osamu Shimomura wa Japani, yuleyule aliyepata Nobel ya kemia mwaka 2008, pamoja na wenzake wawili, kwa protini ya kijani iliyopatikana kwenye konyeza. Protini hiyo leo inatumika hata kumfuatilia kijidudu cha malaria kikiwa hai ndani ya mwili. Kwa mkoa kama wetu hapo sihitaji kuongeza neno.

Ninajua wapo watakaosema hayo ni ya maabara za Ulaya na Japani. Haya, turudi kwenye chumba chetu. Akina mama wanaotanda uduvi maji yakipwa walikuwa wakitugawia uduvi hai kwenye kopo. Uduvi mmoja kwenye kioo, tone la maji, mwanga kutoka dirishani. Msichana wa kidato cha pili akainama kwenye hadubini, akakaa kimya, kisha akasema, "Mwalimu, mbona moyo wake unadunda mgongoni?" Moyo wa jamii hii uko mgongoni kweli, na mshipa mkuu wa fahamu unapita tumboni, kinyume cha sisi. Jambo hilo limo kwenye muhtasari wa somo, chini ya athropoda, kundi la wanyama wenye gamba na miguu ya viungo. Miaka yangu yote ya kazi nimelifundisha kwa mende aliyekufa, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza swali lile, kwa sababu moyo wa mende aliyekufa haudundi.

3. Kwamba watoto wa wavuvi hawana haja ya kufundishwa bahari

Hoja hii ilitolewa kwa utani, lakini kwenye muhtasari wa kikao iliandikwa bila utani.

Ni kweli watoto wetu wanajua mengi. Wanajua kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na kwamba mbalamwezi ikichanua mashua nyingi za dagaa hubaki ufukweni. Wakiulizwa kwa nini, wengi husema dagaa wanapenda mwanga. Jibu kamili ni refu kuliko hapo. Kila jua linapotua, katika bahari zote, viumbe wadogo wasiohesabika, krili wakiwemo, hupanda kutoka kwenye kina kuja kula karibu na uso wa maji, na dagaa wanaowala huwafuata huko. Alfajiri hushuka tena kujificha wasionekane na wanaowala. Ni msafara mkubwa kuliko msafara wowote wa wanyama wa nchi kavu, Serengeti ikiwemo, na unafanyika kila usiku. Krili wamechunguzwa ili kujua kama wanaamshwa na mwanga peke yake au wana saa ndani ya mwili, na imeonekana saa hiyo wanayo, inayoendeshwa na vinasaba vinavyolingana na vile vinavyotufanya sisi tusinzie na kuamka. Mtoto wa mvuvi akilipata hilo, anaunganisha alichoambiwa na baba yake, alichoandikiwa ubaoni na anachokiona usiku kwenye upeo wa bahari, taa zikiwa zimejipanga.

Halafu tukumbuke historia yetu, Ndugu Mkurugenzi. Mijusi mikubwa ya kale ya Tendaguru, yaani dinosaria, ilichimbwa kwa jirani zetu Lindi kati ya 1909 na 1913. Waliokuwa wakichimba na kubeba mifupa hiyo kichwani hadi bandarini walikuwa babu zetu. Leo mifupa imesimama Berlin, na anayetaka kuijua vizuri anaanzia huko. Mwaka 2003 wavuvi wa Songo Mnara, Kilwa, walimtoa majini silikanti, samaki ambaye kabla ya mwaka 1938 dunia ilidhani alikwisha zamani za mijusi hiyo. Mikono ya watu wa kusini imevigusa vitu hivi. Tunachokosa ni chumba chenye hadubini, nacho kimejaa viti vibovu.

4. Kwamba hakuna fedha

Hatukuomba fedha. Wavu wetu wa kuchujia maji ni soksi ndefu ya kike iliyoshonwa kwenye mduara wa waya, na mwishoni imefungwa chupa ndogo ya plastiki. Hadubini zilikuwepo tangu maabara ijengwe. Wino wa kuchorea wanyama wanatoa wanafunzi wenyewe. Gharama pekee niliyoiona katika jambo hili ni kufuli jipya lililonunuliwa kufungia mlango.

5. Kwamba ni hatari

Hii ndiyo hoja ya Bodi ninayoiheshimu. Bahari haina mchezo, na mzazi ana haki ya kuuliza. Ndiyo maana tulikuwa tunakwenda maji yakiwa yamekupwa, mchana, walimu wawili, kila mwanafunzi akiwa na karatasi iliyosainiwa na mzazi, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia zaidi ya magoti. Kama Bodi ina masharti zaidi iyaandike, tutayafuata. Lakini tusidanganyane: watoto haohao wakitoka shule wanakwenda pwani bila mwalimu yeyote.

6. Kuhusu mtihani

Nimeacha hili mwisho kwa sababu ndilo linalowasumbua wakubwa, na ninaelewa, kwani matokeo yakitoka simu zinapigwa ofisini kwako, hazipigwi nyumbani kwangu. Uainishaji wa viumbe, mtiririko wa chakula, ukuaji, mwitikio, urithi, kinga ya mwili: mada zote hizo zinagusika kwa kopo moja la uduvi na picha chache za krili. Sijasema tuache kitabu. Nimesema mwanafunzi aliyeona kitu kwa macho yake huandika jibu lake kwa maneno yake, na msahihishaji yeyote mwenye uzoefu hulitambua jibu la namna hiyo kwenye rundo la majibu yaliyokaririwa. Nimesahihisha mitihani ya taifa, naongea ninachokijua. Tena mtihani wa vitendo umo katika somo hili, na hadubini iliyofungiwa haimwandai mtu kwa vitendo vyovyote.

Ninachoomba

(a) Viti na saruji vitolewe, chumba kifunguliwe kabla ya muhula wa Julai kuanza. Nyangumi nao ndio wanaanza kupita mwezi huo, na klabu ilishapanga kuandika siku na mahali wanapoonekana, kwa kuwauliza wavuvi.

(b) Hadubini zitoke kabatini, ziingizwe kwenye daftari la vifaa, na ufunguo akabidhiwe mwalimu wa Baiolojia aliye kazini. Sitaki ufunguo uwe kwangu. Mimi ni mpita njia pale.

(c) Kitolewe kibali cha maandishi cha kwenda ufukweni mara moja kwa mwezi, wakati wa bamvua maji yanapokupwa sana, pamoja na masharti ya usalama ambayo Bodi itaona yanafaa.

(d) Ofisi yako iandike kwa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, na kwa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Zanzibar, kuomba mtaalamu atutembelee, au angalau tupatiwe chupa moja ya krili waliohifadhiwa, wanafunzi wayaone yale matamvua. Barua kutoka kwa mwalimu mstaafu huwa ndefu sana na hucheleweshwa. Yako yenye muhuri itasomwa.

(e) Nijibiwe kwa maandishi. Kama jibu ni hapana, liwe hapana yenye saini, na lieleze ni mada gani katika muhtasari wa Baiolojia ambayo uduvi na krili wanaizuia kufundishwa.

Sina ugomvi na mtu. Mkuu wa Shule ametekeleza alichoagizwa, na wajumbe wengine wa Bodi ni wanafunzi wangu wa zamani. Nawapenda, na nilipowasahihishia madaftari miaka ile hawakuwa wavivu wa kufikiri namna hii. Niko tayari kuja mbele ya Bodi siku yoyote mtakayoniita, na nitakuja na hadubini yangu mwenyewe na uduvi hai kwenye kopo, wajumbe waangalie kwanza ndipo tujadili.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa Baiolojia,
Mtwara

Nakala kwa: Mkuu wa Shule, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Diwani wa Kata, wazazi wa wanafunzi wa klabu, ubao wa matangazo, soko la samaki.